Ndege Wake, Ndege Zake

Palikuwa na nchi. Usiniulize ilikuwa wapi. Mimi ni raia mwema na ramani sijui kuisoma. Ukifika katikati ya hadithi ukahisi unaijua, hayo ni yako na roho yako. Mimi sikutaja mtu.

Nchi hiyo ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa na jirani mbaya, lakini haikuwa na hata rubani mmoja wa kivita. Jirani alikuwa nao. Kila Ijumaa alipitisha ndege zake juu ya mji wetu mkuu (samahani, mji wao mkuu), chini kabisa, hadi nguo zilizoanikwa zinaanguka matopeni na Baraza la Mawaziri linaingia chini ya meza kwa kufuata itifaki: Waziri Mkuu kwanza, manaibu mwisho.

Rais, ambaye jina lake kamili lilikuwa Baba Mlezi wa Taifa, alichoka kukaa chini ya meza. Akamwita Kanali Mbaruku Sengondo, mtu pekee jeshini aliyekuwa amesomea urubani ng'ambo.

"Kanali," akasema, "nataka marubani. Na sitaki mtu yeyote ajue kwamba nataka marubani."

"Hata marubani wenyewe, Mtukufu?"

Rais akafikiri. "Wao waambie kidogo."

Basi Kanali akaenda Bonde la Mchekele, mbali na barabara, akafyeka nyasi, akatengeneza njia ndefu ya kurukia. Ndege zikaletwa vipande vipande ndani ya malori yaliyofunikwa maturubai. Langoni pakawekwa kibao: CHUO CHA TAIFA CHA UFUGAJI WA NDEGE. Kibao hicho ndicho maandishi pekee ya serikali, katika miaka yote ninayoikumbuka, ambayo hayakusema uongo. Yalinyamaza tu mahali panapofaa.

Tatizo likawa ndimi. Kibao kinaweza kunyamaza, ila watu wanaongea, na lugha yetu ina adabu yake. Ndege mwenye manyoya tunampa heshima ya kiumbe: ndege huyu ameruka, ndege hawa wameruka. Ile ya chuma, hata ikibeba mawaziri, kwetu ni kitu tu: ndege hii imeruka, ndege hizi zimeruka. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja akienda kunywa chai sokoni na kusema, "Jana zimeruka vizuri," basi siri ya taifa imemwagika pamoja na chai.

Aliyeliona hilo ni Afande Salehe Mtutura, Mkuu wa Idara ya Siri. Kabla ya kuingia kwenye siri alikuwa mwalimu wa Kiswahili sekondari, yule wa kukufelisha mtihani mzima kwa sababu umeandika "kitabu yangu". Sasa mtu huyohuyo, kwa uchungu ambao ni mwalimu wa lugha tu anayeweza kuuelewa, alitunga Amri ya Upatanisho. Aliisoma mbele ya gwaride huku jasho linamtoka:

"Kuanzia leo, chuoni, sokoni, kitandani na ndotoni, ndege zote ni ndege wote. Atakayesema 'imeruka' amelisaliti taifa. Atakayesema 'ameruka' ni mzalendo. Sarufi itasubiri amani."

Hivyo ulinzi wa nchi nzima ukaning'inia kwenye silabi moja.

*

Mafunzo yakaanza. Ungepita karibu na uzio ungesikia mazungumzo kama haya, kati ya Kanali na mwanafunzi wake mkorofi, Makungu Zuberi:

"Makungu! Ndege wako ana nini?"

"Anakohoa, mwalimu. Na bawa la kushoto limelegea skrubu."

"Amekula?"

"Amekula mapipa mawili, mwalimu, na bado anavuja."

"Mfungue kifua tumwangalie."

Siku injini ya kwanza ilipokubali kunguruma, fundi mmoja alirusha kofia juu akapiga kelele, "Imewaka!" Alikamatwa kofia ikiwa bado hewani. Aliachiwa baada ya kuapa kwamba alikuwa anazungumzia sigara, ingawa chuo kizima kilijua havuti.

Wapelelezi wa jirani walilala vichakani wakasikiliza. Na wao wanazungumza lugha hiihii, tena nzuri. Wakarudi kwao na taarifa ya kutisha: wale watu wanafuga ndege wa bati, wanaokunywa mafuta, mmoja ametua mkia ukiwaka moto, wakampigia makofi. Jirani mara moja akapiga marufuku mayai kutoka kwetu. Kwao.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo ndege za jirani zilivuka mpaka na kukuta anga ina wenyewe. Vijana wa Mchekele walikuwa juu zaidi, wametokea upande wa jua, Kanali akiwa mbele. Hakuna risasi iliyopigwa. Jirani alitazama, akahesabu, akageuza. Hakurudi tena Ijumaa hiyo wala nyingine. Baraza la Mawaziri lilibaki chini ya meza hadi jioni, kwa tahadhari. Kesho yake gazeti la serikali liliandika: ANGA YAWA SHWARI, HALI YA HEWA YASIFIWA.

Kanali akarudi nyumbani kwa mkewe, Bi Tausi. Akavua viatu, akaketi, miguu haitulii, anachekacheka peke yake.

"Leo ndege wamefanya vizuri, Tausi."

"Wametaga?"

Akacheka hadi akakohoa. "Mke wangu, siku moja nitakusimulia yote. Tena kwa Kiswahili sanifu."

Hiyo ndiyo ahadi. Naomba uishike, maana wenye nchi waliiangusha.

*

Hakusimulia. Siku moja Makungu alipangiwa kurusha ndege iliyokuwa inakohoa kuliko kawaida. Kanali akamtoa kitini. "Huyu nitamjaribu mimi kwanza." Akapanda nayo. Watu wa bondeni waliisikia ikikohoa juu, halafu hawakuisikia tena.

Sasa taifa liambiwe nini? Amri ya Upatanisho haikuwa na kifungu cha msiba. Redio ikapiga muziki wa huzuni, kisha mtangazaji akasoma: "Serikali inasikitika kutangaza kifo cha Kanali Mbaruku Sengondo, kilichotokea baada ya ndege aliyekuwa akimfanyia majaribio kuanguka ghafla. Ndege huyo naye amekufa."

Taifa likaduwaa.

"Ndege gani huyo wa kuua mtu mzima?" wanawake waliulizana matangani, sufuria za pilau zikichemka.

"Labda mbuni."

"Mbuni haruki, shoga. Ataangukaje asiyeruka?"

"Basi bata mzinga. Wale wana roho mbaya."

Bi Tausi alikuwa kwenye mkeka, amejifunika kanga, anasikia kila neno. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kusema alichokuwa akikinusa kwenye nguo za mumewe ni uhaini. Akaivuta kanga hadi machoni. Alasiri likaja gari la serikali na rambirambi rasmi: tetea wawili na jogoo mmoja, jogoo amefungwa utepe mweusi shingoni.

Toka siku hiyo hakuwa tena mke wa Kanali. Alikuwa Mjane wa Kuku. Akienda bombani kuna mtu nyuma anawika. Akigombana na jirani, jirani humaliza ugomvi kwa neno moja: "Wewe nawe! Mumeo si alidonolewa?" Binti yake aliposwa, wakwe walituma mtu kuuliza kwa heshima zote kama ugonjwa ule wa baba unarithiwa.

*

Miaka ikapita. Baba Mlezi alikwenda, akaja Mlezi Mwenza, naye akaenda. Chuo kikafungwa. Serikali ilieleza kwa masikitiko kwamba ndege wote wa Mchekele wamekufa kwa kideri, ugonjwa ule unaomaliza mabanda ya kuku kwa wiki moja. Wananchi wakahimizwa kuchanja. Hakuna aliyeuliza swali, kwa kuwa kuku kufa kwa kideri ni jambo la kawaida, na kwa nini ulie na kifo cha ndege wa serikali wakati kuku wako mwenyewe wamekufa banda zima?

Halafu serikali ikatangaza Mwaka wa Mashujaa, ikagundua haina shujaa. Walio hai walikuwa gerezani au upinzani. Katika kutafuta marehemu asiye na chama wala mgogoro wa kiwanja, wakampata Kanali. Siku hiyohiyo msafara ukaenda kwa Bi Tausi: Mheshimiwa Gervasi Ndimbwelu, Waziri wa Kumbukumbu, Usahaulifu na Mifugo, na nyuma yake Afande Mtutura, kazeeka, bado na ile sura ya mwalimu anayesubiri ukosee.

"Shikamoo, mama yetu," akasema Waziri.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Viti viko viwili, wengine mtasimama."

"Mama, serikali imeamua kumkumbuka mzee."

"Kwa lipi?"

Waziri akamtazama Afande. Afande akatazama dari.

"Kwa mchango wake, mama."

"Mchango gani?"

"Mkubwa."

Bi Tausi akamimina kahawa bila haraka. "Nasikiliza."

Waziri akaeleza: kaburi litajengewa upya, Rais mwenyewe atakuja, jiwe litachongwa kwa marumaru, nalo litaandikwa ALILIPENDA TAIFA NA NDEGE WAKE. Aliposema "wake" alifumba macho kwa hisia.

"Zake," akasema Bi Tausi.

"Samahani, mama?"

"Sina shida na marumaru. Wala sitaki pesa yenu. Andikeni NDEGE ZAKE. Mimi ni mzee, nafasi yangu ni pale ubavuni kwake, imeshapimwa. Nimelala na mwanamume huyu ndoa yetu yote, najua alinuka mafuta ya ndege, hakunuka banda. Sitazikwa kando ya mfuga kuku. Mkiandika 'wake', nitalizuia kaburi kwa mwili wangu, na huyo Rais wenu atapigwa picha akinivuka."

"Mama, ni herufi moja tu! Tugombane kwa herufi moja?"

"Kama ni moja tu, ibadilisheni."

Afande alisema kwa mara ya kwanza, taratibu, kama mtu anayeumwa jino: "Bi Tausi, Amri ya Upatanisho haijafutwa."

"Wewe Salehe," mama akamgeukia, "ulikuwa mwalimu wa Kiswahili. Unalala?"

Afande akatafuta kofia yake.

*

Ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Kiambishi. Ilikutana hotelini kando ya ziwa, maana viambishi vinahitaji utulivu na samaki wa kukaanga. Profesa mmoja wa isimu, mwenye tai, alileta suluhisho lililomfanya mwenyekiti alie machozi ya furaha: "Tuandike VIDEGE VYAKE! Udogo unameza tofauti. Kidege chaweza kuwa cha manyoya, chaweza kuwa cha chuma. Serikali haisemi, haikatai."

Wakampelekea Bi Tausi. Akasema, "Mume wangu hakufa kwa kidege."

Profesa akarudi na ukubwa: MADEGE YAKE. Mama akataka kukubali, midomo ilicheza kidogo, lakini Idara ya Siri ikakataa. Madege yanatisha mno, wananchi wataanza kuuliza ni madege gani. Basi fundi wa marumaru akaambiwa achonge hadi neno NDEGE, aache nafasi inayotosha kwa lolote, asubiri maelekezo.

Wakati huo Makungu Zuberi, yule mwanafunzi mkorofi, sasa kapteni mstaafu mwenye mvi na goti bovu, alikwenda kumsalimia mjane wa mwalimu wake. Hata sasa alikuwa anafuata Amri. Ulimi ulikwisha kujikunja hivyo.

"Shemeji, umejiuliza kwa nini wanaogopa hiyo 'zake'?"

"Siri ya jeshi, si wamesema."

"Siri gani ya jeshi? Jirani tumeshapatana naye, tunanunua kwake vitunguu. Shemeji, ndege wale hawakufa kwa kideri. Waliuzwa. Niliwaona kwa macho yangu wanaruka na marubani wageni, mmoja mmoja, asubuhi kweupe. Wakubwa wamesimama pale wanapunga mkono. Ndimbwelu wakati huo alikuwa karani, ndiye aliyeshika mwavuli."

Bi Tausi akaweka kikombe chini.

"Ndiyo maana," akasema Makungu. "Ndege wakiwa 'wake', wamekufa kwa kideri, Mungu ametaka. Ndege wakiwa..." Akajaribu. Akashindwa. "Wakiwa ile nyingine, shemeji, chuma hakiugui kideri."

Mama akahesabu miaka kwa vidole. Kisha akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Kumbe nimechekwa bombani miaka yote hii ili watu wauze bati."

*

Siku ikafika. Kaburi limepambwa, mahema yamejaa, watu wamevishwa fulana zenye picha ya Kanali amebeba jogoo. Mchoraji alipata maelekezo kwa simu. Rais alikaa mbele. Waziri Ndimbwelu akahutubia kwa muda ambao watoto wawili walizimia na mmoja alizaliwa.

"Ndugu wananchi! Kanali Sengondo alikuwa jabali, mhimili, chemchemi na daraja la ufugaji wa kisasa! Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba taifa lisilojua ndege wake ni taifa lisilojua mayai yake!" Makofi. "Hata mke aliyemchagua, ndugu zangu, anaitwa nani? Tausi! Je, hilo si agano?" Makofi zaidi.

Likafuata gwaride la angani. Askari walipanda juu ya paa la lori wakawarusha kuku wa heshima, mmoja baada ya mwingine, mbele ya Mtukufu Rais. Kuku walipita kwa urefu wa kimo cha mtu na kutua kwa namna zao. Rais alisimama akapiga saluti. Makungu, aliyekuwa safu ya wastaafu, alifunika uso kwa kofia.

Kisha mshereheshaji akaita salamu za familia. Bi Tausi alikuwa amefundishwa sentensi moja iliyopitishwa na kamati: "Mume wangu aliwapenda ndege wake." Afande Mtutura alimsindikiza hadi kwenye kipaza sauti, akasimama ubavuni, kidole kwenye swichi.

Mama akalitazama jiwe. ALILIPENDA TAIFA NA NDEGE, halafu marumaru tupu. Akautazama umati, wale waliowika nyuma yake bombani na watoto wao. Sauti yake haikupanda.

"Sina hotuba. Nina swali kwa Mheshimiwa Waziri." Akageuka. "Mwanangu, ndege ziko wapi?"

Basi. Maneno matatu. Lakini ukiwa umezaliwa ndani ya lugha hii unajua lililotokea. Lile "zi" lilipita juu ya mahema kama ile Ijumaa, watu wakainama. Mwanamke mmoja kule nyuma akasema kwa sauti, "Ziko? Ziko nini?" Mwingine akamjibu, "Ndege, bibi. *Ziko.*" Na nikaona, yaani watu wakaona, nyuso zinavyobadilika moja moja: mafuta, bati, ndege aliyeanguka, ile Ijumaa ambayo nguo hazikuanguka matopeni tena. Kidole cha Afande kilikuwa palepale kwenye swichi. Hakikubonyeza.

Hapo Waziri angeweza kunyamaza. Angeweza kucheka. Angeweza hata kuzimia; alikuwa na daktari wake karibu. Lakini lugha ya mama haina huruma kwa mwongo. Ukiulizwa kwa "zi" ulimi hujibu kwa "zi" kabla akili haijavaa viatu. Waziri akaruka kitini, kidole juu, akapaza sauti:

"Hazikuuzwa!"

Hakuna mtu aliyekuwa ametaja kuuza.

Rais akamgeukia polepole. Kuku mmoja wa heshima akawika.

*

Jioni Wizara ilitoa ufafanuzi kwamba Mheshimiwa alikuwa anazungumzia nguo. Kesho yake ikafafanua kwamba alikuwa anazungumzia ngoma. Baada ya hapo akahamishwa kuwa balozi katika nchi yenye baridi. Walionunua nyumba kwa ndege zile bado wamo ndani ya nyumba hizo, geti jeusi, mbwa wawili. Usidhani hii ni hadithi ya watoto. Jiwe halikubadilishwa. Kamati bado inakaa, na samaki wa ziwani wanazidi kupungua.

Ila nafasi ile tupu baada ya neno NDEGE ikawapa shida. Kila anayepita anaijaza kwa mkaa, kwa chaki, kwa tope. Askari wanafuta, watu wanaandika. Mwishowe serikali ikaamua nafasi ilindwe, na kazi hiyo akapewa mtu aliyeshindwa kubonyeza swichi. Afande Salehe Mtutura akapewa kiti cha plastiki na kirungu, akawekwa pale kaburini kulinda marumaru ambayo haijaandikwa kitu.

Asubuhi moja Bi Tausi alikwenda kupalilia. Akamkuta ameketi, anaitazama nafasi.

"Hujambo, Salehe."

"Sijambo, Bi Tausi. Shikamoo."

"Marahaba. Unalinda nini?"

"Nafasi."

"Ya kuandika nini?"

"Ya ndege."

Mama aliinama akang'oa magugu, mgongo ameupa jiwe. Akauliza kana kwamba haimhusu:

"Ndege wa nani?"

Afande alijikuna shingo. Akatazama barabara, hapakuwa na gari. Miaka yote aliyokula chumvi na sarufi mbovu aliyoitunga mwenyewe ilimtosha. Akasimama, akashika kirungu kama chaki, na kusema kwa ile sauti ya zamani ya darasani:

"Unakosea, mama. Si 'wa'. Ndege *za* nani. Rudia."

"Ndege za nani?"

"Za Kanali Mbaruku Sengondo. Ndege zake."

Bi Tausi akaendelea kupalilia, sasa upande wa pili, pale palipopimwa kwa ajili yake.

Hadithi yangu imetua. Kama imekupendeza, ichukue ukawape wenzako. Kama imekukera, basi elewa kwamba tulikuwa tunazungumza habari za kuku.